Kosa la Deadlight haliko miguuni

Tangu Novemba 2024, studio ya magemu ya Tequila Works ya Madrid ilipoingia katika utaratibu wa kisheria wa kampuni zilizoelemewa na madeni, gemu lake la kwanza, lile la mazombi liitwalo Deadlight, limeanza kuzungumzwa tena kwa sauti ya matanga. Na kama ilivyo kwenye matanga mengi, marehemu anasifiwa kwa jambo moja na kusengenywa kwa jingine, wala hakuna anayejisumbua kuyaunganisha hayo mawili. Sifa ni kwamba lilipendeza machoni kuliko karibu kila kitu kilichouzwa kwenye duka la mtandaoni la Xbox 360 mwaka ule wa 2012. Sengenyo ni kwamba ukilishika mkononi linakukera: Randall Wayne, mhusika unayemwongoza, anakimbia kama amefungwa mawe miguuni, anaruka kwa kuchelewa, na ukingo anaudandia pale anapotaka yeye. Hukumu inayofuata ni ile ya uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Eti wachoraji walipewa kila kitu, na waliokuwa na kazi ya kutengeneza uchezaji wakaachiwa makombo.

Mimi naipinga hukumu hiyo, na siipingi kwa sababu ya kumwonea huruma marehemu. Uzito wa Randall ndicho kitu bora kabisa ndani ya Deadlight, na bila huo mazombi wake wangekuwa mapambo. Kilichoharibika ni dunia aliyowekwa ndani yake: kuanzia katikati ya safari, sakafu, mitego na maadui wanamdai Randall mambo ambayo mwili wake haukuumbwa kuyafanya. Mtu anaweza kusema huko ni kutafuta tofauti pasipo na tofauti, maana mchezaji anakufa vilevile. Lakini fundi anayeambiwa kwamba miguu ni mibovu ataishughulikia miguu, na hapo ataliua gemu akidhani analitibu. Kama nitakavyoonyesha, jambo la namna hiyo limeshajaribiwa mara moja.

Kwa wasiolijua, Deadlight inatokea Seattle, Marekani, mwaka 1986. Dunia imekwisha na mitaa imejaa wafu wanaotembea, ambao gemu lenyewe halithubutu kuwaita mazombi; linawaita vivuli. Randall, aliyekuwa mlinzi wa hifadhi ya misitu huko Kanada, anamtafuta mkewe na binti yake. Kamera inamtazama kwa ubavu muda wote. Anaweza kwenda kushoto au kulia, kupanda au kushuka, lakini hawezi kuingia ndani ya picha, ingawa picha ina kina cha kutisha: nyuma yake kuna barabara zilizoziba magari, madaraja yaliyovunjika na moshi unaopanda toka majengo ya mbali. Ana shoka, baadaye bastola na bunduki ya marisau, na risasi za kuhesabu. Ana pia kipimo cha pumzi, ambacho hushuka akitimua mbio, akipiga kwa shoka au akining'inia ukingoni. Gemu zima linakwisha kwa saa tatu au nne. Liliuzwa kwa pointi 1,200 za Microsoft, sawa na dola 15 za Marekani.

Ili kuelewa kwa nini Randall ni mzito, lazima turudi nyuma kidogo, maana magemu ya kurukaruka yana koo mbili na watu huzichanganya. Ukoo wa kwanza ni wa Super Mario Bros ya 1985. Humo mwili hutii kidole: ukibonyeza anaruka, ukigeuza akiwa hewani naye anageuka, jambo ambalo hakuna kiumbe mwenye mifupa anayeliweza, na hakuna anayelalamika. Ukoo wa pili ulipata sura yake kamili kwa Prince of Persia ya 1989. Mtengenezaji wake, Jordan Mechner, alimpiga mdogo wake picha za video akikimbia na kuruka, kisha akachora mienendo ya mhusika juu ya picha hizo, fremu kwa fremu. Matokeo yake ni mwana wa mfalme anayehitaji hatua kadhaa kabla ya kushika kasi, na hatua kadhaa nyingine kabla ya kusimama. Ukibonyeza umechelewa, umechelewa. Mwendo ulioanza lazima uishe. Another World ya 1991 na Flashback ya 1992, zote za Ufaransa, zikaurithi mwili huo. Deadlight ni mjukuu wa ukoo huu wa pili, na anayemlaumu Randall kwa kutokuwa Mario anamlaumu ng'ombe kwa kutopanda mti.

Sasa angalia kile ambacho mwili wa namna hiyo unawafanyia mazombi. Tangu sinema ya George Romero ya 1968, mfu anayetembea amekuwa adui wa ajabu: ni rahisi kukwepwa, mjinga, na peke yake hatishi. Kinachotisha ni hesabu. Mmoja unamzunguka, watatu unatafuta meza ya kusimama juu yake, kumi huna jibu. Lakini hesabu hiyo inafanya kazi tu pale anayekimbizwa naye ana mipaka. Ukimpa mchezaji mwili wa Mario, kundi la mazombi linageuka kuwa safu ya vichwa vya kukanyaga. Watengenezaji wengi wameliona tatizo hili na kulitatua kwa njia ya mkato: wanawafanya mazombi wakimbie, au wanawavalisha silaha, au wanawamiminia wachezaji mazombi mia kwa mpigo. Deadlight haikugusa mazombi. Ilimgusa binadamu. Ilimpa pumzi inayokwisha, shoka linalohitaji kurudi nyuma kabla ya kushuka, na mgongo unaochukua muda kunyooka baada ya kuanguka. Kivuli kimoja kikikushika unabonyeza kwa fujo ili kukisukuma, na wakati ule wa kusukuma ndio wa pili na wa tatu wanaotumia kufika. Hakuna aliyeharakisha, wewe ndiye umechelewa.

Sehemu ya kwanza ya gemu inaijua siri hii vizuri sana. Kuna vyumba ambavyo ukivitazama kwa sekunde tano unaona njia tatu: kupita kati ya vivuli viwili kabla havijageuka, kupanda kabati na kusubiri wajikusanye chini, au kuwaita. Naam, kuwaita. Randall ana kitufe cha kupiga kelele, na nakiona kama uamuzi bora wa ubunifu katika gemu zima. Katika hadithi za mazombi sauti ni adhabu. Gemu lenyewe linaanza kwa Randall kumpiga risasi mwenzake aliyeumwa, na mlio huo unawavuta vivuli na kumtenga na kundi lake. Baada ya dakika chache za uchezaji, sauti ile ile unakabidhiwa kama chombo. Unasimama upande wa pili wa shimo au wa maji yenye umeme, unapaza sauti, nao wanakuja kama ng'ombe kwenye josho. Mzito anamshinda mjinga kwa kumfahamu. Hapo uchezaji, mwili na mada vinasema neno moja, na sijui magemu mengi ya aina hii yaliyofika hapo.

Halafu kuna lile la vivuli kutoka nyuma ya picha. Kwa kuwa wewe umefungwa kwenye mstari mmoja na wao hawajafungwa, unaweza kupita barabarani huku ukiwaona kwa mbali wakijikokota kati ya magari, na hujui ni yupi atakayevuka mpaka na kuingia kwenye njia yako. Mandhari ambayo kwingine ingekuwa pazia tu imekuwa chumba cha kusubiria. Wanaosema uzuri wa Deadlight ni ganda hawajalitazama jambo hili. Katika sehemu hizi mchoro ndio kanuni ya mchezo. Ukiufuta, unafuta pia taarifa unayohitaji ili uishi.

Ndipo Randall anaposhuka kwenye mifereji ya majitaka na kukutana na mzee anayejiita Panya, ambaye ameizungushia makazi yake mitego. Miiba inatoka, vitu vizito vinaanguka, sakafu inakatika. Kwa saa nzima hivi vivuli wanakuwa wageni, na gemu la kupima kundi kwa macho linageuka kuwa gemu la kukariri. Tofauti yake ni hii. Mbele ya vivuli watano unakosea kwa sababu ulihesabu vibaya. Mbele ya mtego usioonekana unakosea kwa sababu hukuwa umekufa bado. Kifo cha kwanza ni ada ya kiingilio. Limbo, iliyotoka 2010 kwenye duka lile lile, ilijengwa yote juu ya kufa na kujifunza, na ilifaulu kwa sababu kila kifo kilikuwa kifupi, kilikurudisha hatua chache tu, na mvulana wake alikuwa na mambo machache ya kufanya: kukimbia, kuruka, kusukuma na kuvuta. Deadlight imeazima mitego ya Limbo bila kuazima wepesi wake. Randall akikosea, inabidi umalize kutazama mwendo uliouanza, uanguke, ufe, urudi, na upande tena ngazi ile kwa taratibu ile ile. Nakumbuka pengo moja lililonila zaidi ya mara kumi, na kilichonikera hakikuwa kufa. Nilijua cha kufanya tangu mara ya pili.

Baadaye mambo yanazidi. Wanatokea binadamu wenye bunduki, kundi linalojiita Sheria Mpya, na kuna kukimbizana na helikopta juu ya mapaa. Risasi hazihesabiki kama vivuli. Kivuli anakuonya kwa mwendo wake, risasi haikuonyi. Kumkimbia mtu anayekulenga kunahitaji mwili unaogeuka papo hapo, na Randall hana mwili huo na hajawahi kuwa nao. Tokea hapo kila lawama ya wachezaji kuhusu udhibiti ni ya haki. Ila angalia ilikotoka: hakuna kilichobadilika kwenye kidhibiti. Vitufe ni vile vile, Randall ni yule yule aliyekuwa anakupa raha ya hofu saa moja iliyopita. Kilichobadilika ni swali analoulizwa. Ningependa kuwaona wanaolalamika wakijibu jambo moja dogo: kama miguu ni mibovu, kwa nini sehemu ya kwanza haikuwakera?

Wapo watakaonijibu kwamba iliwakera tangu mwanzo, na hao nawaheshimu, kwa sababu hoja yao ndiyo nzito kuliko zote. Wanasema: Prince of Persia ilikuwa nzito pia, lakini haikuwa ya kubahatisha. Hilo ni kweli, na linafaa kutafakariwa. Mechner aliijenga nyumba yake kwa vigae vya ukubwa mmoja. Kila kigae, kila pengo na kila mwendo wa mwana wa mfalme vilipimwa kwa kipimo kimoja. Ukishajua ruko la mbio linavuka vigae vingapi, unaweza kulitazama pengo lolote na kujua jibu kabla hujaondoka ulipo. Kulikuwa hata na hatua ya tahadhari, ya kusogea kidogo kidogo mpaka ukingoni bila kuanguka. Kwa maneno mengine, uzito wa mwili ulilipiwa fidia na usomekaji wa sakafu. Anayejua urefu wa kamba yake haogopi kisima.

Deadlight haikulipa fidia hiyo. Seattle yake imechorwa kwa uhalisia: mabomba yaliyopinda, mbao zilizovunjika, kingo zenye vumbi na kutu, na mbele ya hayo yote giza ambamo Randall mwenyewe mara nyingi ni umbo jeusi mbele ya mwanga. Uzuri wake ni wa kweli. Lakini ukingo unaodandika na ukingo wa pambo vina sura moja, na pengo la ruko moja halitofautiani kwa jicho na pengo la ruko moja na robo. Kwa hiyo mchezaji analazimika kuuliza sakafu kwa mwili wake, na mwili wake ni ghali kuuliza nao. Hapa ndipo ninapokubaliana na wakosoaji nusu ya njia: ndiyo, msanii aliachiwa sana, lakini si kwa sababu alimnyima mwenzake muda au bajeti. Ni kwa sababu pale mifereji ilipoanza kudai usahihi wa vidole, mchoro haukubadilika kuendana na madai hayo. Mwanga uliofaa kwa kujificha ulibaki ule ule kwenye kazi ya kupima.

Kuna pia misamaha midogo ambayo magemu ya siku hizi huitoa kimyakimya. Celeste ya 2018, gemu linalosifiwa kwa ugumu wake, humruhusu mchezaji kuruka hata baada ya kupita ukingo kwa fremu chache, yaani sehemu ndogo tu ya sekunde, na hulikumbuka agizo la kuruka lililotolewa mapema kidogo kabla ya kugusa chini. Mchezaji haoni kitu. Anahisi tu kwamba yeye ni hodari. Mwili mzito unahitaji misamaha hii kuliko mwili mwepesi, kwa sababu mzito hana nafasi ya kujirekebisha hewani. Deadlight ni bahili katika hili, na ubahili wake umechukuliwa na wengi kuwa sehemu ya uhalisia. Sidhani. Mtu halisi anayeanguka hujaribu kushika chochote.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa sana, ni ya urefu. Dola 15 kwa saa nne, wanasema, ni wizi. Limbo iliuzwa bei ile ile, inakwisha kwa muda usiozidi huo, na leo inatajwa kama mfano wa gemu lisilopoteza dakika. Kwa hiyo saa si hoja, isipokuwa tukubali kupima magemu kama tunavyopima kitambaa. Mimi ningesema kinyume: Deadlight ni refu mno. Ingekatwa robo ya mifereji na nusu ya wanaume wenye bunduki, ikabaki saa mbili na nusu za mitaa, vyumba na vivuli, tungekuwa tunazungumza leo juu ya johari. Hisia ya ufupi inatokana na kwamba kilichokuwa kizuri hakikupata nafasi ya kukua. Kitufe cha kuita, kwa mfano, kinafundishwa, kinatumika mara kadhaa kwa ubunifu, kisha kinasahaulika kama mgeni aliyeachwa sebuleni.

Wako na watetezi wanaoteleza upande wa pili. Kwao, Deadlight ni kazi ya hisia, na kuuliza kuhusu kuruka na kudandia ni kuuliza mshairi bei ya karatasi. Utetezi huu unalidhalilisha gemu kuliko lawama zozote. Hisia ya Deadlight haitoki kwenye hadithi yake, ambayo kwa kweli ndiyo sehemu iliyochoka: mazungumzo yamejaa maneno ya kukaza meno, sauti za waigizaji zinakwenda mbio kama wanasoma notisi, na zile picha za mtindo wa vibonzo katikati ya sura zinaeleza mambo ambayo mtaa mtupu ulikuwa umeshayasema. Hisia inatoka kwenye kupumua kwa Randall anapong'ang'ania ukingo huku kipimo kikishuka. Hayo ni uchezaji. Huwezi kutetea sanaa ya gemu kwa kuuruka mchezo wenyewe.

Anayekusudia kulicheza aruke aya hii. Mwisho wa safari Randall anakumbuka kwamba familia anayoitafuta ilikufa kwa mkono wake mwenyewe. Siri hiyo imedokezwa kwenye ndoto na kurasa za shajara unazookota njiani, na wengi waliitabiri mapema, mimi pia. Ila kuna kitu kimoja kinachonifanya niisamehe. Ukirudi kuanza upya ukijua hilo, ule uzito wa mwili unasomeka tofauti: huyu si mlinzi wa msitu aliyechoka tu, ni mtu anayebeba jambo. Sijui kama watengenezaji walikusudia, na haijalishi. Mwili mwepesi usingeweza kuibeba tafsiri hiyo. Wanaotaka Randall awe mkakamavu wangempata mwuaji anayerukaruka.

Nilisema tiba ya miguu imeshajaribiwa. Juni 2016 kampuni ya kuchapisha magemu ya Deep Silver ilitoa toleo la mwongozaji kwa kompyuta, PlayStation 4 na Xbox One, likiwa na picha kali zaidi, mienendo iliyonyooshwa, udhibiti uliotangazwa kuwa umeboreshwa, na uwanja mpya wa kupambana na vivuli wanaokuja kwa mawimbi. Ukiliangalia kwa jicho la hoja yangu, ni orodha ya matibabu ya ugonjwa usiokuwepo. Picha hazikuwa na shida. Udhibiti ulipigwa msasa, lakini mifereji ilibaki pale pale na mitego yake, na helikopta ikabaki helikopta. Ule uwanja wa mawimbi ndio ulioeleza zaidi: ulichukua gemu ambalo fahari yake ni kukwepa, ukamwambia mchezaji asimame na kuua. Wakosoaji waliokuwa wamesema mwaka 2012 kwamba udhibiti ni mbaya wakarudi na kusema bado ni mbaya. Bila shaka. Walikuwa wamepimiwa miguu tena, huku sakafu ikiwa ile ile.

Sasa kuhusu matanga yenyewe. Kuna simulizi linalojengwa kwamba Tequila Works ilikufa kwa sababu ilipenda urembo kuliko mchezo, na kwamba dalili zilionekana tangu Deadlight. Ni simulizi tamu, lakini halisimami. Studio hiyo ilianzishwa 2009. Baada ya Deadlight iliishi miaka kumi na miwili, ikatoa RiME mwaka 2017, Gylt mwaka 2019 na Song of Nunu mwaka 2023, na haya hayafanani hata kidogo kiasi cha kulaumiwa kwa dhambi moja. Gylt ilitolewa kwanza kwa ajili ya Stadia ya Google pekee, jukwaa ambalo lenyewe lilizimwa Januari 2023. Mtu akitafuta mambo yanayoikwaza studio ya ukubwa wa kati, aanzie kwenye mikataba ya namna hiyo kabla hajafika kwenye rangi ya anga la Seattle. Na miaka ya 2023 na 2024 ilipunguza watu na kufunga milango katika studio nyingi, zenye magemu mazuri kushika na mabaya kushika. Kufilisika si ukaguzi wa ubora. Tukianza kusoma mizania ya kampuni kama uhakiki wa sanaa, itabidi tukubali pia kwamba kila gemu lililotajirisha wenyewe ni zuri, na sidhani kama kuna mchezaji mwenye macho atakayetia saini hapo.

Hukumu yenyewe bado inafanya kazi, kwa sababu wapo watu leo wanaotengeneza magemu ya kutazamwa kwa ubavu yenye mazombi, wengi wao vikundi vya watu wachache, nao husoma maoni ya zamani ili wajue cha kuepuka. Wakisoma kwamba Deadlight iliangushwa na mwili mzito, watatengeneza miili myepesi. Watapata magemu yanayoshikika vizuri na mazombi wasiotisha, kisha watawaongezea mazombi mbio, mate ya sumu na mabomu tumboni ili kurudisha hofu waliyoifukuza wenyewe mlangoni. Njia nyingine ni ngumu zaidi na ya bei nafuu zaidi: mwache binadamu awe mzito, punguza aina za hatari hadi zile ambazo mwili mzito unaweza kuzijibu kwa akili, na uchore sakafu isomeke kabla ya kukanyagwa. Hiyo ya mwisho haihitaji kuua uzuri. Taa moja ya barabarani inayomulika ukingo unaodandika na kuuacha mwingine gizani ni mchoro, na ni kipimo pia.

Na kama siku moja yeyote atakayeishika Deadlight ataamua kuitengeneza upya, sitamwomba amguse Randall. Ningemwomba kwanza afungue ile mifereji, atoe miiba, aweke vivuli sita upande huu wa maji na Randall upande ule, na ampe kitufe cha kupaza sauti.